Vitunguu vya Maua vya Marehemu Nzivo

KIKUNDI CHA BUSTANI, ZIWANI
Kikao cha Jumamosi, 12 Julai 2025, saa nne asubuhi, uani kwa Bi. Kaluki

Waliohudhuria: Bw. Wathome (Mwenyekiti), Bi. Kaluki, yaani Mama Nzau, mjane wa mwanzilishi wetu marehemu Nzivo, Bw. Shiundu (mtunza mbegu), Bi. Kageha (Katibu).
Aliyekosa kwa udhuru: Bi. Koki, kifua na baridi hii.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA MACHI
Ziliposomwa, zilionyesha kikao cha Machi kilivunjika kwa kuwa wote walitapika, na maji ya mfereji yakalaumiwa. Bw. Shiundu alisimama akaomba kusahihisha. Alikiri kwamba vitunguu vya maua alivyokabidhiwa vilipong'olewa kwenye safu ya marehemu mtaro ulipochimbwa aliviweka jikoni kwake, na mchuzi wa siku ile aliupika yeye. "Nilikatia viwili. Nilidhani ni vitunguu tu, jamani!" Alipoulizwa mbona akanyamaza miezi minne, alisema aliona haya, hata msimu wa kupanda ukampita.
Iliamuliwa kwamba penye "maji ya mfereji" pasomeke "mchuzi wa Shiundu". Katibu, aliyetapika mpaka Jumatatu, aliandika hayo kwa moyo mkunjufu.

KUMB. NA. 2/7/2025: KUPANDA KWA KUCHELEWA
Mwenyekiti alieleza kwamba vilipaswa kupandwa kabla ya mvua ya masika. Katika baridi ya Julai mizizi hukawia, na maua ya Septemba yasitarajiwe. Alipendekeza vingoje hadi Machi.
Bi. Kaluki alipinga vikali. Alikumbusha kwamba marehemu alivipanda mwaka 1974, na kila Septemba safu nzima ilikuwa nyekundu, watu wakitoka kanisani wakipigia picha hapo. "Machi nitakuwa Tassia kwa Nzau, ghorofa ya tano. Nahama Oktoba."
Bw. Shiundu alijitolea kumpandia kimoja kwenye ndoo aende nacho. "Nzivo hakupanda ndooni, Shiundu. Alivipanda kwenye safu hii," alijibu Bi. Kaluki.
Iliamuliwa vyote saba vilivyobaki vipandwe papo hapo, shingo zikiachwa nje kama alivyozoea marehemu. Bw. Shiundu alichimba peke yake, bila kuambiwa.

KUMB. NA. 3/7/2025: MENGINEYO
Bi. Kaluki aliuliza ataona nini kabla ya Oktoba. Mwenyekiti alijibu kwamba labda majani tu.
"Yatatosha, Wathome. Hata majani yake nayajua."
Katibu aliomba dakika moja kabla ya kuendelea kuandika, akapewa.

Wanachama walitawanyika saa tano na dakika ishirini. Sahihi zilitiwa baada ya kunawa udongo.

Mwenyekiti: Wathome
Katibu: Kageha