Nafasi Iliyoachwa Wazi katika "Mkwe wa Ng'ambo"

Mpendwa Dada,

Mchezo wako unarudi Dar es Salaam, na safari hii unakwenda na mwisho wako. Aliyetangaza ni Bi Rehema, mwelekezaji aliyetoka huko kuja kuuandaa upya na vijana wa hapa Mtwara. Jana, mbele ya waigizaji wote, alisema lipiko halitavuliwa kinyago jukwaani, na waigizaji watakapojipanga mwishoni kuwaaga watazamaji, nafasi yake itabaki wazi. Nilimuuliza mara mbili. Akasema niandike gazetini hivyohivyo.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza.

Ulikuwa mwalimu wa darasa la tatu pale Chuno ulipoutunga, na ulichezwa mara ya kwanza juu ya madawati yaliyofungwa pamoja kwa kamba. Kijana anavuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kuposa. Baba wa binti hamtaki, ila hana sababu ya kuitoa mbele za watu. Siku ya ngoma linatoka lipiko, yule mchezaji wa Kimakonde aliyefunikwa kinyago na nguo hadi vidoleni, linamwimbia mkwe kejeli. Mkwe anajibu kwa wimbo, na kwa jibu hilo anampata binti. Lipiko linaondoka likichechemea. Mara baba anaingia kwa mlango mwingine, naye anachechemea, anauliza ni nini kilichompita.

Mwanzoni uliandika kwamba baba anavua kinyago palepale. Wazee wa kijiji cha Kitaya wakakuita. Walikuambia kwa upole kwamba uso ulio ndani ya kinyago mwanamke hauoni, na wewe ni mwanamke, basi umeandika usichokiona. Nilidhani utabishana. Ulirudi nyumbani ukafuta ukurasa mmoja, ukaniambia, "Wamenitengenezea mchezo. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Hapo ndipo penye kicheko." Ukaongeza sharti lako mwenyewe: anayecheza lipiko asitokee mwishoni, wala jina lake lisitajwe.

Tukauzungusha. Katika ghala tupu la korosho, vumbi lilimfanya bibi harusi apige chafya katikati ya wimbo wa harusi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, nawe ukaiacha chafya hiyo moja kwa moja. Kule Mnazi Bay wavuvi walikataa kuondoka mpaka mkwe aimbe tena, na wafanyakazi wa gesi wakawaunga mkono. Siku hiyo mwandishi mwenzangu alikufuata na kinasa sauti, akataka kujua nani yuko ndani ya kinyago.

"Simjui, mwanangu," ulimjibu.

"Lakini mwalimu, si wewe uliyemshonea suruali?"

"Suruali nilishona. Mwenyewe simjui."

Halafu ikaja Dar es Salaam. Mwandaaji wa kule aliona mchezo hauna kilele, akaamuru kinyago kivuliwe. Kilivuliwa. Ukumbi ulipiga makofi kwa nguvu, ila watu wa kwetu waliokuwa safu za nyuma walitazama chini. Ulichukua mkoba wako kabla taa hazijawashwa. Nje uliniambia neno moja tu, kwamba ule si mchezo wako. Lakini ndio uliokwenda Dodoma na Mwanza, na jina lako likiwa kwenye mabango. Ulifariki mchezo wako ukipendwa kwa mwisho ambao hukuuandika. Hilo liliniuma, na sina namna nyingine ya kulisema.

Bi Rehema naye alikuja na mwisho huohuo, maana ndio pekee alioujua. Vijana hawakubishana naye. Walimwomba tu mazoezi ya mwisho yafanyike Kitaya, wacheze kama ulivyoandika, kisha aamue.

Nilikuwepo. Lipiko lilitoka likichechemea, vumbi likalifuata. Baba akaingia kwa upande wa pili, mguu uleule. Mama mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Baba, mguu huo mbona tumeuona sasa hivi?" Jirani yake akamgonga begani: "Nyamaza wewe, hujui kitu." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na baba ikambidi asubiri muda mrefu kabla ya kuendelea.

Bi Rehema alimwinamia mama huyohuyo, akamuuliza ni nani aliyevaa kinyago.

"Hatujui."

"Lakini baba anachechemea vilevile."

"Wanaochechemea ni wengi, binti yangu."

Kisha waigizaji wakajipanga, wakaacha pengo kati ya mpiga ngoma na bibi harusi. Watu walisimama. Akina mama walipiga vigelegele, na hawakumtazama mkwe wala bibi harusi, walitazama lile pengo. Kazini huwa sisimami, Dada, hata kwa wakubwa. Pale nilisimama.

Bi Rehema alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko aliponiambia, "Nilikuja na mwisho wa Dar. Naondoka na wa Kitaya."

Umeshinda. Nimezunguka kutafuta neno dogo kuliko hilo, sijalipata.

Basi linaondoka Alhamisi alfajiri, na onyesho ni Jumamosi saa moja jioni. Kabla ya hapo mhariri wangu anataka majina kamili ya waigizaji wote. Nitampelekea yote isipokuwa moja. Akipiga simu kuliuliza, mimi niliyekula chumvi nyingi katika kazi hii ya kutafuta majina ya watu, nitamjibu kwamba simjui.

Pumzika vema.

Mdogo wako