Mkono wa Kushoto wa Papa Ilunga

Jumatano jioni

Kumbe tatizo halikuwa kukosa hamu ya kula. Siku nne Papa Ilunga, mzee ninayemuuguza nyumbani kwake, amekuwa akifunga mdomo kila ninapomletea kijiko, na binti yake alishaniambia: asipokula leo, anampeleka hospitali wamlishe kwa mpira wa puani.

Mchana nilimuuliza kwa nini.

"Kijiko ni ya mutoto," alisema. "Bukari tunakula na mukono."

Lakini mkono wake wa kulia umekufa tangu alipopata kiharusi, na kula kwa kushoto mbele ya mgeni kama mimi ni aibu kwake.

Nilirudisha kijiko jikoni. Nikanawa, nikamnawisha, nikaketi naye kwenye sahani moja ya bukari, ugali wa kwao, na mkono wangu wa kulia nikaukalia. Nilikata tonge kwa kushoto. Likaanguka kwenye sombe ya majani ya muhogo, mchuzi ukanirukia shavuni.

Papa alicheka mpaka machozi. "Mama, weye hauyue kukula! Angalia miye."

Akakata tonge lake. Alikula nusu sahani na mkia wa samaki. Binti yake, aliyekuwa mlangoni na begi la hospitali, alilirudisha chumbani.

Kesho sijui itakuwaje, lakini leo naona fahari.

Marehemu mume wangu nilimlisha kwa kijiko miezi miwili. Alikuwa akigeukia ukutani, nami nikidhani hana hamu ya chakula. Laiti ningemuuliza...

Mkono wangu wa kushoto nimeunawa mara mbili, bado unanuka samaki. Sina haraka ya kuunawa tena.