Utumbo wa Mbuzi na Tumbo la Masanja

Runzewe, Jumamosi. Mvua ilinyesha asubuhi kisha ikakatika. Kuna ubaridi, na moyo wangu umetulia kuliko jana.

Jana baba na mama walirudi kutoka hospitali Geita na mdogo wangu Masanja. Tangu azaliwe, tumbo lake hujaa likawa gumu, na choo hakitoki mpaka asaidiwe. Daktari anataka kukata kipande kidogo sana cha utumbo, akitazame kwa hadubini, aone kama seli za neva zipo.

Bibi alikataa. Alisema mtoto ana mchango, yale maradhi ya tumbo la watoto, na dawa ya mchango huchimbwa porini, haitafutwi kwa wembe. Baba hapingani na mama yake. Mama alienda kulia jikoni.

Mimi nilikuwa na la kusema. Niliogopa kuonekana najua kuliko wakubwa.

Leo jirani amechinja mbuzi wa ubatizo, mimi na bibi tukapewa kazi ya kusafisha utumbo. Ulikuwa bado wa moto, na ndani ya beseni ukawa unajikunja taratibu, wenyewe.

"Mbuzi kafa, utumbo haujapata taarifa," bibi akatania.

Nilicheka, na baada ya kucheka nikaweza kusema. Nikamweleza alivyotufundisha mwalimu wa baiolojia: utumbo una seli zake za neva, zimo ukutani mwake, hazingoji amri ya kichwa. Kuna zile za kuhisi. Chakula kikitanua ukuta, hizo hujua kwanza, nazo huziambia nyingine: nyuma baneni, mbele legezeni. Huenda Masanja ana sehemu isiyo na seli. Sehemu hiyo hubaki imebana, na kila kitu hukwama hapo.

Bibi aliendelea kugeuza utumbo kwa kijiti. Kisha akauliza, "Na dawa yangu inaziotesha?"

"Hapana, bibi. Hata ya hospitali haizioteshi. Ila wakiijua sehemu hiyo wataitoa, waunge iliyo nzima."

Akamwaga maji machafu, akachota mengine.

Jioni alimwambia baba kwamba Jumatatu wanarudi Geita, na mtoto atambeba yeye mgongoni. Baba akamwitikia mama yake kwa upole, "Sawa, mayu."

Sijui hadubini itaonyesha nini. Nimepiga magoti nisali, nikashindwa kuchagua: niombe seli zionekane, au ijulikane kwamba hazipo, atibiwe?

Nimeomba tu daktari aone vizuri.