Kitufe cha "Kataa"

Jumanne. Mvua tangu asubuhi.

Kesho saa nne wawekezaji wanakuja Kariakoo kuiona programu yetu ikifanya kazi. Wasiporidhika, Rehema anachukua kazi aliyopewa Nairobi. Yeye ndiye aliyeijenga, mstari kwa mstari. Mimi ni mshirika wake mwenye mdomo. Hata rangi ya kitufe siwezi kuibadili. Akiondoka, tumekwisha.

Nimeandika humu mara nyingi dhidi ya mashindano ya wabunifu, yale ya fulana mpya na hundi kubwa ya karatasi ngumu, ambamo mshindi hajawahi kuuza hata doti moja ya kitenge. Nilijigamba kwamba sisi tutaanzia sokoni, kwa Kiswahili. Fundi cherehani wa mkoani anaagiza vitenge kwa simu. Oda inamfikia mwenye duka la jumla Kariakoo. Mwenye duka anabonyeza "Kubali" au "Kataa". Rahisi.

Oda zinaning'inia. Wiki ya tatu sasa, hakuna anayekataa na mzigo haufiki. Jana fundi mmoja wa Songea alimpigia Rehema akilia. Siku nne amesubiri vitenge vya sare, harusi ni Jumamosi, na hakuna aliyemwambia kwamba havipo.

Nilikuwa na maelezo tayari, kama kawaida yangu. Wafanyabiashara wetu hawasomi! Makala nzima ilikuwa imeshajipanga kichwani. Leo mchana nikaikunja suruali, nikaruka madimbwi ya Mtaa wa Kongo mpaka dukani kwa Bi Zuhura, ambaye oda ile ya Songea ilikuwa kwake.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umekuja kunisomesha tena, mwandishi?"

Nikamuuliza kwa nini hakuikataa oda wakati alijua hana mzigo. Akanitazama kama niliyetema mate kwenye chakula.

"Nimkatae mteja? Asubuhi, hata sijafungua biashara? Kwenu hamna miiko?"

"Lakini huna mzigo, mama."

"Leo sina. Kutokuwa nacho ndiyo kumkataa mtu? Riziki uifukuze kwa kidole chako mwenyewe, kesho itaijua wapi njia ya kurudia?"

Jirani yake muuza lesi akadakia: "Mwacheni, huyo alikataliwa na mchumba Upanga, ndiyo maana kaleta kitufe na sisi tuonje!" Walicheka mpaka mwenye toroli akasimama kuuliza kuna nini. Sikucheka.

Neno lile niliandika mimi.

Rehema alitaka kitufe kiseme "Leo sina". Nilimhutubia karibu saa nzima: kwamba mashine inataka kitenzi, kwamba "Kubali" na "Kataa" zinatazamana kama vitanga vya mizani, kwamba "Leo sina" ni lugha ya sokoni. Lugha ya sokoni! Kwa programu ya sokoni! Miaka yote nawashambulia wanaotuletea mambo bila kutuuliza, na mimi nikaketi Magomeni na kamusi zangu, nikawapangia watu wa Kariakoo namna ya kusema hapana.

Aliniambia, "Sawa, Anko." Nikajihesabia ushindi.

Mtu wa umri wangu, mzaliwa wa mji huu, alipaswa kuijua "sawa" ile. Rehema hakukubali hata kidogo. Alichoka, na mimi ni mkubwa wake. Ni mangapi mengine amenyamazia?

Jioni nimempigia. Nikamwambia: nilikosea, weka neno lako. Akasema ataliweka sasa hivi, kazi ya dakika chache, na Bi Zuhura atalijaribu kesho mapema kabla ya wageni. Fundi wa Songea, Rehema ameshamtafutia vitenge duka lingine. Vinaondoka na basi la alfajiri. Hilo nalo alilifanya bila kunihitaji.

Nikamwomba aniambie lolote jingine ambalo hakuwahi kuniambia.

"Lipo moja, Anko. Kesho usiongee."

"Hata salamu?"

"Salimia. Halafu niachie."

Nimesema nitamwachia. Sasa nimekaa hapa, na kichwani tayari nimeshawajibu wale wageni maswali saba ambayo hawajauliza. Nimewahi kugombana na wahariri, na maprofesa, na imamu mmoja. Kunyamaza sijawahi.

Nitaweza?