Alirudisha Nyuma, Tena Mara Mbili

Shoga, hebu sikia! Yule mchumba wa mdogo wangu, fundi friji, kaja nyumbani na filamu ya kisasi, zile za bei chee.

Mwanamke anabakwa, kisha anawafyeka wabakaji mmoja mmoja. Damu yenyewe rangi ya kucha tupu! Mdogo wangu akawa anashangilia kila panga likishuka.

Ilipoisha, bwana akashika rimoti, akarudisha nyuma. Si kwenye panga, shoga. Kwenye kubakwa! Akarudisha tena!

"Hapa ndipo penye utamu," anasema, mbele ya mama!



Mdogo wangu akazima televisheni, akavua pete, akamwekea kiganjani.

"Mimi nilikuwa naangalia kisasi. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Mama ndiye aliyemfungulia mlango atoke.