Fataki Ziko kwa Orpha

Darrel mjukuu wangu,

Saladi ya viazi iko kwenye friji, usiiguse mpaka jioni. Mbwa hajala. Fataki zako usizitafute gereji, hazipo.

Asubuhi, ulipolipua ile moja "ya kujaribu tu" kisha ukarudi kulala, polisi alipiga hodi. Kijana mpole, alifuta viatu kabla ya kuingia. Akaniambia, "Bibi, jimbo linaruhusu, lakini mji wetu umekataza. Jioni nitapita tena, nikizikuta hapa nazibeba zote."

Nikamuuliza, "Na ng'ambo ya barabara?"

Akacheka. "Kule si mjini, bibi. Kule ruksa."

Basi nimezivusha kwa toroli mpaka kwa Orpha. Ndiyo, Orpha yule yule uliyemshtaki kwa kelele za majogoo wake, ukajibiwa kwamba sheria ya mji inaishia katikati ya barabara. Wala hakuninunia. Alinisaidia kusukuma, akazifunika turubai zisilowe.

~~Nimekuombea msamaha.~~ Hapana, hiyo kazi ni yako. Nilimuuliza kama utaruhusiwa kuziwasha kwake leo. Akasema, "Aje aombe mwenyewe, tena awe amechana nywele."

Wanao wameingojea hii sikukuu ya uhuru ya Julai Nne mwaka mzima, kwa hiyo kiburi chako kiache hapo mezani. Mimi niko barazani kwa Orpha, nakunywa chai ya barafu. Kiberiti ninacho mfukoni.

Bibi yako