Vidonge vya Baba Tumboni mwa Popi

Hapa Mpemba, Jumamosi ya Juni, jioni.

Upepo haujatulia tangu asubuhi, na vumbi la barabara kuu limeingia hadi kwenye sahani za kabatini. Nimejifunga kitenge mabegani na bado natetemeka. Nimekaa jikoni, mlango wa uani nimeuacha wazi ili nimwone Popi. Amelala kwenye gunia. Kila mara nanyanyuka kwenda kuangalia kama mbavu zake zinapanda na kushuka.

Zinapanda.

Popi ni mbwa wa marehemu mama. Baba alipougua nikamleta kwangu kutoka kijijini Igamba, alikuja na begi moja la nguo na huyo mbwa. Mimi sikutaka mbwa. Nyumba ni ya kupanga na mama mwenye nyumba anafuga kuku. Baba akasema kama Popi anabaki kijijini, naye anabaki. Nikakubali.

Ugonjwa wa baba ni upungufu wa damu. Daktari alimwandikia vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu, ameze kila siku baada ya kula. Asubuhi namwekea kimoja kando ya kikombe cha chai, pakiti naiacha hapo hapo mezani, kisha nawahi dukani kwangu mpakani, ninakouza vitenge. Nikirudi, kidonge hakipo. Naridhika.

Ila baba haongezeki nguvu. Kutoka chumbani hadi uani anapumzika njiani, ameshika ukuta. Viganja vyake vimepauka. Wiki hizi nimekuwa nikiwaza magonjwa ambayo sithubutu kuyaandika hata hapa.

Leo wateja walikuwa wachache, nikafunga mapema. Nilipofungua geti nikamkuta Popi karibu na bomba, anatapika matapishi meusi yenye michirizi ya damu. Miguu ya nyuma ilikuwa inamlegea. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake, anamsemesha Kinyiha kwa sauti ya chini, kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Mkononi alishika pakiti tupu.

"Nilimpa vitamini," akaniambia.

"Vitamini gani, baba?"

Akanionyesha ile pakiti. Ilikuwa ya vidonge vyake vya damu.

Nilimpigia bwana mifugo wa kata. Siku nyingi yeye hushughulika na ng'ombe na nguruwe, nikaogopa atanicheka kwa kumwita kwa ajili ya mbwa. Hakucheka. Alifika na pikipiki, akamwamkia baba shikamoo, akafunua fizi za Popi, akaisoma pakiti.

"Amekula vingapi, mzee?"

"Vyote vilivyobaki. Kila siku nilikuwa nampa kimoja kwenye ugali. Nikaona hachangamki, nikajua dozi ni ndogo."

Bwana mifugo akatueleza taratibu. Vidonge hivi vina madini ya chuma. Mbwa akila vingi, vinamchoma tumbo, kisha vinakwenda kuharibu ini. Kutapika kumemsaidia, maana vingine vimetoka. Akamtundikia dripu kwenye msumari wa kamba ya kuanikia nguo, akamchoma na sindano. Kabla ya kuondoka akanivuta kando.

"Dada, akionekana mzima jioni hii, msifurahi haraka. Sumu hii inaweza kumwachia kidogo, halafu ikamrudia. Tusubiri kesho."

Ndiyo maana siwezi kutulia. Sasa hivi Popi ameinua kichwa akanitazama, na badala ya kufurahi nimeogopa zaidi.

Lakini nikisema ninamwogopea Popi peke yake nitakuwa nadanganya.

Bwana mifugo alipoondoka nilimuuliza baba kama amewahi kumeza hata kimoja. Akasema vya mwanzo alimeza, vikamfunga choo, akaona aibu kunieleza mimi mtoto wake wa kike mambo ya choo. Kisha akaona Popi anakonda, akaona heri vimfae yeye.

"Mimi nimeshaishi, Eliza. Huyu ndiye aliyebaki wa mama yako."

Aliyatamka kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo dogo la kawaida. Mimi ndiyo nikashikwa na uchungu.

"Na mimi je, baba? Mimi ni wa nani?"

Aliinama akamfunika Popi vizuri na koti lake mwenyewe, na baridi yote hii. Nikaingia ndani nikalia huku nimefungulia bomba la jikoni ili asinisikie.

Damu ya baba imefika wapi sasa? Muda wote huu hana dawa mwilini na mimi nahesabu kwamba anatibiwa. Kwa nini sikukaa hata siku moja nikamwona akimeza?

Jumapili, mchana.

Naongeza hapa hapa.

Popi amesimama. Asubuhi alikunywa maji yakakaa tumboni, kisha akalamba uji kidogo. Bwana mifugo amepita baada ya ibada, amemkagua macho na fizi, amesema hana manjano na anadhani ameponea, ingawa atampitia tena. Nilimuuliza kuhusu vitamini, maana baba alikuwa ametega sikio. Akasema mbwa anayekonda aanze kwa dawa ya minyoo na chakula cha kutosha. Ikionekana anahitaji vitamini, zipo zake, na atazipima kwa uzito wake. Za watu tusimpe tena.

Baba aliitikia kila neno kwa kichwa. Mgeni alipoondoka akabaki ameshika ukuta, anahema. Nikampelekea kigoda. Hakukaa.

"Kesho nipeleke kwa daktari," akasema. "Ila wewe ndiye umwambie kwamba vile vinanifunga. Mimi siwezi."

Nikasema nitamwambia.

Sijui kama anakwenda kwa sababu anataka kupona, au kwa sababu jana alinisikia nikilia. Sitamuuliza. Nimeshapiga pasi shati lake, na kesho duka halifunguliwi.